Kosa la Baridi

Msomaji mpenzi, kabla hujafungua ukurasa wa pili kutafuta hadithi za mapenzi, nakuomba ukae nami kidogo. Nina swali. Je, mtu anaweza kukiua kitu kwa kukionea huruma? Na kama anaweza, deni ni la nani: la yule aliyefanya kwa kutojua, au la yule aliyejua halafu akafunga mdomo? Wengine maswali ya namna hii huyapata chuo kikuu. Mimi, ambaye shule yangu iliishia kidato cha nne, nililipata kwenye mashine ya kuchomelea mabomba.

Ilikuwa mwaka 2021, mkoani Njombe, katika mradi mmoja wa maji ambao sitautaja. Nilikuwa kibarua. Kazi yangu ilikuwa kusafisha maungio ya mabomba kwa grainda, kumpa fundi rodi, kuvuta nyaya, na usiku kulala kambini karibu na vifaa. Kule porini hapakuwa na nguzo ya umeme hata moja, kwa hiyo tulikuwa na mashine ya kukokotwa, ya magurudumu mawili, yenye injini yake ya dizeli ya silinda tatu, ya kupozwa kwa maji. Injini inazungusha jenereta, jenereta inatoa umeme wa kuchomelea hadi ampea 400, na pembeni kuna soketi mbili za kuwashia grainda au taa.

Anayeijua Njombe mwezi wa sita na wa saba hahitaji kuambiwa habari za baridi. Asubuhi vidole havishiki spana. Fundi wetu alitoka Dar es Salaam. Alikuwa mtu mwema, nataka hilo lieleweke mapema, maana bila wema wake swali langu halipo. Ndiye aliyeniokota stendi nikizurura na madaftari yangu, akanifundisha kuchomelea bila kunidai hata senti. Sasa bwana, siku ile mashine ilipofika, fundi alifungua boliti mbili juu ya injini, akachomoa kidude cha shaba kisichozidi kikombe cha kahawa, akakitupa kwenye boksi la spana.

"Fundi, hiyo ni nini?"

"Themostati, mdogo wangu. Hii wazungu wameiweka kwa ajili ya baridi yao. Sisi nchi ya joto, ya nini?"

Wakati anasema hivyo alikuwa amevaa masweta mawili na kofia ya sufi! Nilicheka. Lakini jioni, tukiota moto, alinieleza kisa chake. Miaka ya nyuma, huko Dar, injini aliyokabidhiwa ilichemsha maji kwa sababu themostati ilikwama ikiwa imefungwa. Hedi ikapasuka, naye akakatwa mshahara miezi sita. Tangu hapo, injini yoyote iliyopita mikononi mwake aliitoa kile kidude, ili isije ikateseka na joto. Kwa hiyo hakuwa mzembe. Alikuwa mtu aliyeungua mara moja.

Hapa lazima nieleze kidogo mambo ya chuma. Injini ya dizeli haina plagi ya kuiwasha. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, ndiye aliyefikiria kwamba hewa ikibanwa sana ndani ya silinda hupata joto lake yenyewe, na mafuta yakinyunyiziwa humo yatawaka bila cheche. Mwaka 1897, huko Augsburg, injini yake ilipimwa ikaonekana inageuza karibu asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi, jambo ambalo injini za mvuke za siku zile hazikulifikia. Hewa ile iliyobanwa hupita nyuzi 500. Maana yake ni kwamba dizeli si injini inayovumilia joto tu, dizeli inaishi kwa joto. Na themostati ndiyo mlinzi wa joto hilo. Ndani yake mna nta. Maji yakiwa baridi nta imeganda na mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini bila kwenda kwenye rejeta. Yakifika nyuzi 82 hivi, nta inayeyuka, inatanuka, inausukuma mlango, ndipo maji yanakwenda kupoa. Ukiing'oa, maji yanakwenda kupoa tangu dakika ya kwanza, hata kama hayajapata joto lenyewe.

Ya kwetu ilikuwa hivyo. Mshale wa geji ya joto ulikuwa haupandi kufika katikati. Na kazi nayo ilikuwa nyepesi: mabomba madogo, ampea 80 au 100 kwenye mashine ya 400. Mara nyingi hata hiyo haikuwepo. Gari la mabomba lilichelewa, tukakaa asubuhi nzima tukilisubiri, na injini ikaachwa inanguruma polepole bila kazi, kwa sababu kuiwasha upya kwenye ile baridi kulikuwa shughuli. Fundi alisema, "Iacheni ipumzike." Alidhani kunguruma bila mzigo ni kupumzika.

Na mimi nina langu. Usiku, kwa idhini ya fundi, niliiwasha mashine saa mbili au tatu ili niwashe balbu moja. Ilisemwa ni kwa ajili ya ulinzi, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa naandika riwaya. Sura ya nne hadi ya tisa ziliandikwa chini ya balbu ile. Fikiria injini yenye nguvu ya kuunganisha mabomba ya chuma, inahema usiku kucha kwenye baridi ili kijana mmoja apate mwanga wa kuandika kuhusu msichana ambaye hayupo!

Joto likizidi kwenye injini, watu wote wanajua: mvuke unapiga kelele, watu wanakimbia. Baridi haina kelele. Mafuta yasiyoungua vizuri yanapenya pembeni ya ringi yanashuka kwenye oili. Mengine yanachanganyika na masizi na kutoka kwenye eksozi kama uji mweusi. Kuta za silinda, ambazo kiwandani huchorwa mikwaruzo midogo ya kushika oili, zinafunikwa na utando mgumu unaong'aa, na ringi hazibani tena. Haya hayatokei kwa siku moja. Mwezi wa pili tuliona uji ule kwenye maungio ya eksozi. Mwezi wa tatu moshi mweupe kila asubuhi. Mwezi wa nne nguvu zikapungua, na oili, badala ya kupungua, ikaongezeka na kunuka dizeli.

Msimamizi alikuja na gari lake. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akanusa, akasema, "Hapa mtu anauza dizeli yangu anajazia mafuta ya taa." Ufunguo wa pipa la dizeli alikuwa nao mlinzi, mzee wa pale pale kijijini, Mbena, aliyekuwa akinisalimu "kamwene" kila asubuhi na kuniachia nafasi kwenye moto wake. Hakuulizwa mengi. Alifukuzwa siku ile ile, na mishahara ya miezi miwili aliyokuwa anadai ikahesabiwa kuwa fidia.

Sasa, ndugu msomaji, hapa ndipo ninapotaka unihukumu. Siku tatu kabla ya msimamizi kuja, nilikuwa nimekisoma kitabu cha mashine. Kilikuwa kwenye boksi lile lile la spana, kimelowa oili, na kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza changu cha kuungaunga nilielewa mambo mawili: injini isiendeshwe bila themostati, na isiachwe muda mrefu bila mzigo. Dalili zote tulizoziona zilikuwa zimeandikwa mle. Nilijua kwamba mzee hakuiba kitu, nami nikasimama pale nimeshika grainda, nikitazama viatu vyangu.

Fundi hakusoma kitabu kile kwa sababu Kiingereza hakijui. Je, ana kosa? Baadaye, kwenye kitabu cha kuazima, nilikuta kwamba Aristotle, yule Myunani wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliliwaza jambo hili. Anasema anayetenda kwa kutojua, halafu akaumia moyoni alipojua, huyo alitenda bila kutaka. Lakini anayetenda kwa kutojua, halafu alipojua asiumie, huyo hatuwezi kumweka kundi moja na yule wa kwanza. Napenda mawazo hayo kwa sababu yanaiacha hukumu wazi hadi siku ya kujua. Hadi siku ile, fundi hana doa kwangu. Tena nadhani anayeleta mashine ya mamilioni porini na kitabu ambacho mfanyakazi hawezi kukisoma, huyo ana sehemu yake ya kosa, na hakuna aliyemnusa yeye.

Lakini mimi niliweza kusoma. Siku zote nimeilaumu elimu yangu kwamba haikunipa kitu, si kazi, si cheo. Kumbe ilinipa deni. Katika kambi nzima ya watu kumi na mmoja, ni mimi peke yangu niliyekuwa na uwezo wa kujua, na nikajua. Nikijitetea ninasema: hakuna aliyeniuliza. Utetezi huo ni mzuri sana, una kasoro moja tu, kwamba mwizi naye hakuna anayemuuliza. Ninasema tena: ningesema, fundi angefukuzwa, naye ana watoto wanne. Ndiyo, lakini mzee naye ana wajukuu ambao sikuwahesabu. Nikijichunguza bila kujionea haya, naona sikuwa napima watoto wa mtu yeyote. Nilikuwa napima kibarua changu, na balbu.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Tumezoea kuisoma methali hii kwa wazazi wanaodekeza. Fundi alichelea injini kulia kwa joto, hiyo inaeleweka. Mimi nilichelea nini? Nilimchelea fundi. Nilimwonea huruma mwalimu wangu kiasi kwamba nikamnyima nafasi ya kujua, ile ile nafasi ambayo kwa mujibu wa Aristotle ingemtenga na kosa. Huenda angeumia, angemfuata mzee na kumwomba radhi, angekuwa mtu mkubwa zaidi. Huenda angenipiga kofi. Sikumwachia achague.

Wiki mbili baadaye aliletwa fundi mwingine kutoka Makambako. Akafungua hedi mbele yetu. Silinda ziling'aa kama kioo, ringi zimegandishwa na masizi. Akauliza swali moja tu, "Themostati iko wapi?" Fundi wetu akaenda kwenye boksi la spana, akarudi nayo mkononi, na sijawahi kumwona mtu mzima akitembea polepole namna ile. Kumbe ukweli haukumfukuza kazi. Msimamizi aliguna, akaandika kwenye karatasi vipuri vinavyotakiwa, akaondoka. Nilingoja amtaje mzee. Hakumtaja. Wala fundi. Wala mimi, kwa mara ya pili, na safari hii sikuwa na hata kisingizio cha watoto wanne.

Rafiki yangu mmoja, naye mwandishi, ameniambia nilifanye jambo hili kuwa hadithi fupi, nibadili majina, mwishoni mzee arudishwe kazini. Nimekataa. Nikimrudisha kwenye karatasi nitajisikia vizuri, na yeye bado atakuwa anadai miezi miwili.

Riwaya yangu bado haijaisha, na zile sura ya nne hadi ya tisa zina alama za masizi pembeni. Nimeweka akiba kidogo kutokana na kazi ya kuchomelea mageti ninayofanya sasa, haijafika mishahara miwili lakini imepita mmoja. Mzee anauza mahindi ya kuchoma kando ya barabara, nimeambiwa. Macho yake hayasomi maandishi madogo, kwa hiyo makala hii nitamsomea mwenyewe, mwezi wa sita nikienda Njombe.