Anayekimbia Ameanzia Wapi?

Ndugu msomaji, nianze na swali ambalo huenda ukaliona la kitoto: mpira unapodunda, unakuwa na umbo gani? Utanijibu, "La duara, bwana, tangu lini mpira ukawa na umbo jingine?" Nami nilijibu hivyo hivyo. Rafiki yangu mmoja anayejifunza kuchora katuni za kutembea, yaani uhuishaji kama wanavyouita wataalamu wa lugha, alinicheka. Akachukua daftari langu la zamani la kidato cha nne, akachora mpira mdogo kwenye kona ya kila ukurasa. Alipomaliza akazifyatua kurasa kwa kidole gumba, na mpira ukaruka! Ukapanda, ukatua, ukadunda tena.

Kisha akanionyesha siri yake, ukurasa mmoja mmoja. Mpira ulipogusa chini aliuchora umebonyea kama andazi lililokaliwa. Ulipokuwa kasi aliuchora umerefuka kama yai. Kule juu kabisa, pale unapotaka kugeuka kurudi chini, michoro ilisongamana. Ulipoanguka, michoro ikaachana. Wala haukupita kwenye mstari ulionyooka, ulipita kwenye upinde.

"Ukichora duara tupu kila ukurasa," akasema, "utapata sarafu inayohama. Haina uzito, haina uhai."

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Wachoraji wawili wa Marekani, Frank Thomas na Ollie Johnston, waliofanya kazi miaka mingi katika studio ya Walt Disney, walizieleza kanuni 12 za kazi hii mwaka 1981 katika kitabu chao The Illusion of Life. Sitazitaja zote, nitachosha. Nne ndizo zilizoninasa. Ya kwanza ni maandalizi: kabla mtu hajaruka hupinda magoti, kabla hajapiga ngumi huvuta mkono nyuma. Ya pili ni mfuatilio: mwili ukisimama, nguo na nywele bado zinaendelea na safari. Ya tatu ni kuanza taratibu na kumaliza taratibu, maana hakuna kiungo kinachotoka kwenye utulivu kikaingia kwenye kasi papo hapo. Ya nne ni kupanga jukwaa: mtazamaji aonyeshwe jambo moja, waziwazi, asiweze kulikosea.

Sekunde moja ya filamu ina picha 24. Mara nyingi mchoraji huchora 12, kila moja ikaonyeshwa mara mbili. Sasa chomoa mchoro mmoja tu wa katikati, utazame peke yake. Mtu amepinda magoti. Je, anainuka au anaketi? Huwezi kujua. Jibu liko kwenye kurasa zilizotangulia na zinazofuata.

Basi nikaanza kutembea mjini na macho hayo mapya. Pale Kariakoo nilimwona mbeba mizigo akivuta pumzi na kujipanga magoti kabla gunia halijatua mgongoni. Na alipolitua, mikono yake ilibaki inaelea hewani kidogo kama vile haijaamini. Nilimwona konda akishuka kabla daladala haijasimama, akamalizia na hatua tatu za mbio asizozihitaji. Nikajiona nimekuwa mwandishi kweli kweli. Lakini kuna mwendo mmoja niliushuhudia kabla sijazijua kanuni hizi, na tangu nizijue unaninyima usingizi.

Ilikuwa jioni, kwenye kituo kimoja cha daladala kando ya barabara ya Morogoro, hapa Dar es Salaam. Watu tumejazana, jua limezama, kila mtu amechoka na kazi au na kukosa kazi. Mara kijana akapita mbio mbele yetu, mkoba wa kike kwapani. Sauti ikapaa: "Mwizi!" Ilikuwa sauti ya nani, mpaka leo sijui. Ila neno lile moja lilitupangia jukwaa. Wote tukageuka, wote tukaona kitu kimoja: kijana, mbio, mkoba wa kike. Nikajikuta nakimbia. Nikajikuta nina kipande cha tofali mkononi.

Nasema "nikajikuta" kana kwamba kuna mtu alikuja kunibandika tofali. La hasha! Niliinama, nikaliokota, nikavuta mkono nyuma, nikarusha. Maandalizi yote yalikuwepo.

Kijana alianguka. Sijui kama ni tofali langu au la mwingine. Mateke yakaanza. Kilichomwokoa ni daladala iliyosimama mbele kidogo, mama mmoja akateremka anapiga kelele, "Mwanangu! Mwanangu jamani!" Mkoba ulikuwa wake. Aliusahau kwenye benchi la kituo wakati wa kugombania mlango, na mwanawe aliyekuja kumsindikiza akaikimbiza gari ampe. Basi, hadithi yote ndiyo hiyo. Watu wakaanza kupungua mmoja mmoja. Wengine wakasema "pole mama". Mmoja akaita bajaji ya kuwapeleka hospitali. Kijana jicho moja lilikuwa limefumba, damu imemtapakaa shingoni. Mimi nilipanda daladala iliyofuata, nikaenda nyumbani, nikala.

Sasa nikiurudia mwendo ule kichwani naona tulichokipita. Anayekimbia watu hugeuka nyuma, apime nafasi aliyoacha. Huyu alikuwa akitazama mbele, mkono mmoja juu, anapunga. Hakuwa anakimbia, alikuwa anakimbilia. Kwa Kiswahili tofauti ni silabi moja tu, na kwa silabi hiyo tulitaka kuua mtu.

Nilimweleza rafiki yangu mchoraji. Nikamwambia, na hapo nilijiona nina hekima, kwamba kama ningezijua kanuni mapema ningemsoma yule kijana vizuri. Alinyamaza. Halafu akaniuliza, "Kwa hiyo kama angekuwa anatazama nyuma, ungelenga vizuri zaidi?"

Jamani, swali lile! Sikuwa na jibu, na kwa siku kadhaa nilimkwepa.

Najua mtakaloniambia. Vibaka wametuchosha. Mama anashinda juani anauza ndizi, jioni anaporwa senti zote, watoto wanalala njaa. Mimi mwenyewe nimewahi kuchomolewa pesa za kodi ya chumba ndani ya basi, na siku ile ningemkamata mhusika sijui ningefanya nini. Hasira hiyo ni ya kweli, siidharau. Wala kanuni za katuni hazisemi kwamba mwizi hana kosa. Zinachosema ni kwamba mchoro mmoja haujawahi kuwa mtu mzima. Hata mwizi halisi ana kurasa zilizotangulia. Mahakama, pamoja na kasoro zake zote, angalau ni mahali pa kufunua ukurasa mmoja mmoja. Tofali halifunui ukurasa, linalichana daftari.

Ndipo nikaelewa nilipokosea. Kwenye katuni, mtu mbaya hutembea kibaya. Mchoraji anaujua moyo wake tangu mwanzo, akautia kwenye mabega na kwenye miguu, akaongeza chumvi ili wewe na mimi tusipotee. Barabarani hakuna aliyetuchorea. Kijana anayekimbia hakupanga mbio zake ili mimi nizisome. Nikimtazama kana kwamba ni katuni, ile chumvi naitia mimi, halafu namhukumu kwa chumvi yangu mwenyewe.

Mwendo pekee ambao naweza kuwa na hakika na maandalizi yake ni wangu. Hapo ndipo kanuni hizi zinafaa. Rafiki yangu alinionyesha jinsi mkono unavyochorwa unapovutwa nyuma kabla ya kurusha: unaanza taratibu, michoro imekaribiana. Urushaji wenyewe ni michoro miwili mitatu tu, umekwisha. Maana yake kati ya kuinama na kurusha kulikuwa na kurasa nyingi, na kwenye kila ukurasa ningeweza kusimama. Sikusimama hata kwenye mmoja. Tena mwendo haukuishia pale tofali lilipotoka mkononi. Mfuatilio wake uliendelea hadi hospitali, hadi nyumbani kwa yule mama, na mimi sikuufuata. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu bado analia.

Sisi tunaotaka kuwa waandishi tuna mawe yetu pia. Mara ngapi tumeandika "kibaka alitimua mbio" tukasonga mbele, mtu mzima tumemmaliza kwa maneno matatu? Wachoraji wa Disney waliweka kioo mezani, wakaigiza kitendo kwa sura zao wenyewe kabla ya kukichora. Nasi tukitaka kuandika mtu anayekimbia, tukimbie kwanza. Tusikie kifua kinavyowaka. Tujiulize ametoka wapi, ana nani mbele yake, na nani atampokea akifika. Kuhuisha ni kutia uhai, na uhai hauingii kwa mchoro mmoja.

Nimelichukua tena lile daftari la kidato cha nne, nyuma ya kurasa za mpira. Najaribu kumchora yule kijana. Mkono wangu si wa mchoraji, miguu inatoka mibaya, nafuta narudia. Lakini sikuanzia kwenye mbio. Nimeanzia kwenye benchi, na mkoba uko peke yake, daladala inaondoka. Nikifika kwenye ukurasa wa tofali itabidi nijichore na mimi.

Wewe je, ndugu yangu, ungeanzia wapi?