Mtoto wa Miaka Minne na Mpaka wa Busia

Elimu ya awali, yaani mafunzo anayopewa mtoto kabla ya kuingia darasa la kwanza, imetazamwa kwa namna mbili tofauti na sheria za Kenya na Uganda, na tofauti hiyo huonekana wazi kabisa katika miji ya mpakani ya Busia na Malaba, ambako Wasamia na Wateso huishi pande zote mbili, huoana, huzikana na kuuziana mahindi. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi kazi hiyo kwa serikali za kaunti, ambazo tangu 2013 zimekuwa zikijenga madarasa na kuajiri walimu wa chekechea kwa fedha za umma. Nchini Uganda, zikiwamo wilaya ya Tororo na ile ya Busia iliyomegwa kutoka humo mwaka 1997, Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inaitambua elimu ya awali kuwa ngazi ya kwanza ya masomo, lakini uendeshaji wake inawaachia watu na mashirika binafsi, na gharama zake inambebesha mzazi au mlezi.

Mchuuzi wa samaki katika soko la Sofia, upande wa Uganda, asipomudu karo ya nasari hubakiwa na njia mbili: kumlaza mwanawe juu ya gunia chini ya meza ya biashara mchana kutwa, au kumpeleka shule ya msingi ya serikali kabla hajatimiza miaka sita, kwa kuwa ada ya huko iliondolewa na mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulioanza mwaka 1997. Ndiyo maana katika darasa la kwanza la shule nyingi za Uganda mtoto wa miaka minne huketi kando ya mwenzake wa miaka saba, mmoja akiandika jina lake na mwingine hajui bado penseli inashikwaje, na mwaka ukiisha yule mdogo hurudia darasa lilelile. Kwa hiyo serikali isiyogharimia chekechea huishia kuigharimia ndani ya darasa la kwanza, tena kwa namna iliyo mbaya kuliko zote, kwa sababu mwalimu aliyeelemewa na darasa lililofurika hawezi kumfundisha mtoto mdogo kwa mchezo na wimbo, ilhali hiyo ndiyo njia anayojifunzia.

Wako wanaoshikilia kwamba malezi ya umri huo ni kazi ya nyumbani, na hoja yao ina uzito pale ambapo bibi au shangazi yupo kulea. Lakini katika mji unaoishi kwa biashara ya mpakani, watu wazima wote huwa sokoni tangu alfajiri. Wala umaskini wa nchi si sababu ya kutosha, kwani Tanzania, ambayo haiipiti Uganda sana kwa utajiri, iliamua katika Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 kuingiza darasa la awali katika elimumsingi isiyo na ada.

Kenya nayo haijamaliza kazi. Ilipofuta karo ya shule za msingi mwaka 2003 iliisahau chekechea, na wazazi wengi wakawaondoa watoto humo wakisubiri darasa lisilolipiwa. Kasoro hiyo ilianza kurekebishwa kwa ugatuzi, yaani kuhamishia madaraka na fedha kwenye kaunti. Hata sasa, kaunti ikishamlipa mwalimu, tena mara nyingi mshahara mdogo kwa kazi nzito kama hiyo, uji wa saa nne huachiwa michango ya wazazi katika vituo vingi. Uji huo si jambo dogo hata kidogo, kwa maana mtoto aliyetoka nyumbani bila kutia kitu tumboni husinzia kabla jua halijapanda, na darasa alilojengewa kwa fedha za umma humfaa kidogo sana. Chekechea ya umma, iwe ya Tororo nchini Uganda au ya Busia upande wa Kenya, inapaswa kuhesabu kikombe hicho katika bajeti yake pamoja na mshahara wa mwalimu.