Utungo ni Ushahidi

Ndugu msomaji, watu huuliza: je, shairi laweza kumwondolea mtu dhuluma? Wako wasemao kwamba tungo ni pumbao tu. Na tutazame jambo lililopita papa hapa kwetu.

Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, aliandika waraka ulioitwa "Kenya: Twendapi?", akiikosoa serikali. Kwa ajili hiyo alifungwa, tangu 1969 hata 1972. Gerezani alitunga mashairi kwa siri, akiyaandika juu ya karatasi za chooni. Yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 yakapewa Zawadi ya Jomo Kenyatta. Yaani zawadi yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtungaji.

Hapo pana mazingatio. Utungo wa mwenye kudhulumiwa ni ushahidi. Hakimu amsikiaye shahidi, kisha akasifu uzuri wa sauti yake na asihukumu, hakika amemdhulumu mara ya pili. Na sisi tusomao ndio mahakimu. Tukizighani beti, tukatikisa vichwa na kutokwa na machozi, kisha tukanyamaza mbele ya jirani anayenyimwa haki yake, tumelipa nini?

Basi jawabu ni hili: shairi haliondoi dhuluma, bali huondoa udhuru. Aliyekwisha kulisikia hawezi tena kusema, "Sikujua." Tangu hapo deni ni lake, wala halilipwi kwa sifa.