Kula Kwanza, Mwanangu



Vijana wenzangu, leo naandika kwa ajili ya wale ambao kengele ya misa ya kwanza inalia, wanaisikia vizuri kabisa, halafu wanajifunika shuka mpaka kichwani. Siyo kwamba hawampendi Mungu. Ni kwamba kuamka kwenyewe kumegeuka mlima. Kama wewe siyo mmoja wao, mshukuru Mungu, lakini soma tu, maana huenda unalala chumba kimoja na mtu wa namna hiyo na hujui.

Mwaka jana mimi nilikuwa hivyo. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi Mwanza kwa shangazi, naomba kazi na majibu hayaji. Mwanzoni nilijua ni uchovu tu. Baadaye nikaanza kuamka saa 5, nikishika simu mpaka saa 8, bila kula, bila kuoga. Kwaya nikaacha. Jumuiya nikaacha. Shangazi akipita mlangoni najifanya nimelala ili nisimwamkie. Yaani hata "shikamoo" ilikuwa nzito mdomoni. Na usiku, wakati wote wamelala, ndiyo macho yanafunguka na kuanza kujihukumu: wenzako wameajiriwa, wenzako wameolewa, wewe hata kitanda hutandiki.

Basi, usiku mmoja nikaamua kubadilika. Nikachukua daftari la kaunta na kalamu za rangi, nikachora ratiba. Ilikuwa nzuri, nakwambia, ungeiona ungeipiga picha. Saa 10 alfajiri kuamka na kusali. Saa 11 mazoezi. Misa kila siku. Rozari nzima, mafungu yote. Sura tano za Biblia. Maombi ya kazi kumi kwa siku. Kujifunza Kifaransa (sijui Kifaransa kilitoka wapi). Siku ya kwanza niliweza nusu. Siku ya pili robo. Siku ya tatu niliamka saa 6 mchana, nikaliona lile daftari, nikaligeuza lisinitazame. Hapo ndipo nilipoumia zaidi kuliko mwanzo, maana sasa sikuwa nimeshindwa maisha tu. Nilijiona nimemshindwa hata Mungu.

Dada mmoja wa kikundi cha sala aliniambia nimemfungulia shetani mlango, nifunge siku tatu. Najua alinitakia mema. Lakini mtu ambaye tayari hali chakula, unamwambia afunge?

Jumamosi moja nikajikokota hadi parokiani kuungama. Nilikuwa na orodha yangu: nimekosa misa Jumapili nne, mimi ni mvivu, sisali, sina shukrani. Padri ni mzee, anasikiliza huku kichwa amekiinamisha. Nilipomaliza akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mwanangu, leo umekula nini?"

Nikasema, "Sijala, Padri." Ilikuwa saa 9 alasiri.

"Na jana?"

Sikukumbuka.

Malipizi aliyonipa sijawahi kupewa tena. Niende nyumbani, nioge, nile nikiwa nimekaa mezani na siyo kitandani, halafu nisali Baba Yetu moja. Nikamuuliza, "Moja tu, Padri?" Akasema moja, na akanikataza nisiongeze ya pili.

Nilipotoka nilikaa kwenye benchi nje ya kanisa nikalia. Baadaye alipomaliza kuungamisha akaja kukaa, akanisimulia habari mbili. Ndizo ninazotaka kuwaachia.

Ya kwanza ni ya nabii Elia, utaikuta katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Sisi tunamjua Elia wa mlima Karmeli, yule aliyeomba moto ukashuka. Tunasahau kilichotokea mara baada ya hapo. Yezebeli anatishia kumuua, naye anakimbia mpaka Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima. Anakaa chini ya kichaka cha mretemu na kumwomba Mungu afe. Nabii! Mtu aliyeona moto wa Mungu kwa macho yake! Kisha analala.

Sasa angalia Mungu anafanya nini. Angeweza kumkemea. Angeweza kumkumbusha muujiza wa Karmeli, amwambie aone aibu. Hakuna hata neno moja la namna hiyo. Anakuja malaika, anamgusa, anamwambia ale. Pale kichwani kuna mkate uliookwa juu ya mawe ya moto na chombo cha maji. Elia anakula, anakunywa, na halafu anafanya nini? Analala tena! Na malaika hakasiriki. Anarudi mara ya pili, anamgusa tena, anamlisha tena, kwa sababu safari iliyo mbele yake imezidi nguvu zake. Ndipo anatembea siku 40 mchana na usiku hadi Horebu, na huko ndiko Mungu anaongea naye. Maswali mazito ya wito na kazi yalisubiri mpaka amekula mara mbili na kulala mara mbili.

Nilikuwa nimeisikia hiyo habari tangu mafundisho ya Kipaimara. Sikuwahi kuona kwamba ina usingizi na mkate ndani yake.

Ya pili ni ya Mt. Antoni Abate, yule wa jangwani Misri, siyo wa Padua tunayemwomba vitu vikipotea. Aliishi karne ya 3 na ya 4. Hao wazee wa jangwani walikijua vizuri kile kizito kinachomkalia mtu kifuani. Mmoja wao, Evagrio, aliandika kwamba kinamjia mmonaki mchana wa jua kali, anaona jua haliendi, siku kama ina saa hamsini, anachungulia dirishani kila mara, anachukia chumba chake, kazi yake na hata maisha yake. Ongeza simu hapo na ndiyo mimi kabisa.

Basi Antoni alikuwa katika hali hiyo, mawazo yamemjaa, akamlalamikia Mungu kwamba anataka kuokoka ila mawazo hayamwachi, afanyeje. Akatoka nje, akaona mtu anayefanana naye: amekaa anasuka kamba, anainuka anasali, anakaa tena anasuka, anainuka tena anasali. Akajua ni malaika ametumwa kumwelekeza, na akaambiwa afanye vile vile. Ndivyo alivyofanya, na moyo wake ukapata furaha na nguvu. Hakupewa elimu kubwa. Alionyeshwa tu namna ya kupitisha siku.

Nikamwambia Padri, sawa, ila mimi ratiba zinanishinda. Akanyoosha kidole juu, kwenye mnara wa kengele. "Hiyo unaisikia nyumbani kwenu?" Naisikia, tunakaa mlimani kwenye mawe, sauti inapanda vizuri. "Basi ratiba unayo."

Kengele ya Malaika wa Bwana inalia mara tatu: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni. Siku yangu yote nikaitundika hapo, na kila kengele nikaipa kitu kidogo sana, kidogo mpaka naona aibu kuwaandikia. Ya asubuhi: miguu iguse sakafu, ishara ya msalaba, kupiga mswaki, kumwamkia shangazi. Basi. Nikitaka kurudi kulala, ruksa, lakini baada ya kumwamkia. Ya mchana: kula nikiwa nimekaa, Malaika wa Bwana, na kazi moja. Narudia, moja. Barua moja ya maombi, au kufua nguo mbili, au kufagia uwanja. Ya jioni: kuoga, kuteka ndoo moja ya maji bombani ambako lazima nionane na watu, na simu kulala sebuleni kwenye chaji, siyo chini ya mto.

Lakini kilichonisaidia zaidi ni kitu ambacho Padri alikisisitiza huku akinigonga gonga bega: ikikupita ya asubuhi, usiifukuzie. Subiri ya mchana. Lile daftari langu la kaunta lilikuwa mnyororo, pete moja ikikatika siku yote imeanguka, na siku ikianguka nasubiri Jumatatu, na Jumatatu ikianguka nasubiri mwezi mpya. Kengele haiko hivyo. Saa 6 inalia hata kama saa 12 ulikuwa umelala. Hainiulizi nilikuwa wapi.

Kuna siku mbili za kwanza nilizokosa zote tatu. Sitawadanganya. Siku ya tatu asubuhi nilitoka chumbani, nikamkuta shangazi jikoni, nikasema, "Shikamoo shangazi." Aligeuka akaniangalia kwa muda. "Marahaba, mwanangu." Hakuuliza kitu. Alichota uji kwenye kikombe akaweka mezani, akaendelea kupepeta mchele. Nilipokunywa ule uji nilimkumbuka Elia, na mkate wake.

Labda wewe unawaza: sasa hiyo ni dini au ni kutandika kitanda tu? Mimi pia niliwaza hivyo. Lakini Kanisa letu halijawahi kuudharau mwili. Mt. Thomas wa Akwino, mwalimu mkubwa wa teolojia, alipoandika juu ya huzuni na dawa zake alitaja kulia, alitaja marafiki, alitaja kutafakari ukweli, na halafu akaweka kifungu kizima juu ya kulala na kuoga, akajibu kwamba ndiyo, vinapunguza huzuni. Kuoga! Na Mt. Benedikto, ambaye Kanuni yake wanaifuata wamonaki wetu wa Peramiho na Ndanda mpaka leo, aliagiza katika sura ya 48 kwamba ndugu wagonjwa na dhaifu wapewe kazi ya namna ambayo hawatakaa bure wala hawataelemewa mpaka wakimbie. Huo ndio mstari wa kupimia ratiba yako. Isiwe bure, isikuelemee. Ukiona inakukimbiza, ikate nusu, na ukiona bado, ikate tena.

Na kuhusu kusali bila kusikia chochote moyoni: miezi mingi Malaika wa Bwana niliisali kama mtu anayesoma risiti. Nilidhani haina maana. Halafu nikagundua kwamba katika sala ya Kanisa ya kumalizia siku, kila Ijumaa usiku, mapadre na masista dunia nzima wanasali Zaburi ya 88, na hiyo zaburi inaanza katika giza na kuishia katika giza. Haina hata aleluya mwishoni. Kanisa limeiweka hapo makusudi, kila wiki. Kwa hiyo ukisali ukiwa mkavu hujatoka nje ya Kanisa, uko nalo Ijumaa usiku.

Sasa jambo ambalo nisipolisema nitakuwa nimewakosea. Kengele tatu zilinisimamisha, hazikuniponya. Padri mwenyewe aliniuliza hali hii ina muda gani, nikasema miezi, akaniambia niende hospitali. Nilikataa wiki mbili. Si unajua kwetu, ukitaja daktari wa akili tu mtu anakutania kuhusu Mirembe. Mwishoni nilienda kliniki ya afya ya akili na shangazi akanisindikiza, akakaa nje na kanga yake mapajani. Daktari aliniuliza maswali ya kawaida kabisa: usingizi, chakula, mawazo. Akaniambia inaitwa sonona, ni ugonjwa, unatibika. Huzuni ikikaa wiki mbili na zaidi, karibu kila siku, mpaka kazi na usingizi na chakula vimevurugika, usiipangie ratiba peke yako. Nenda. Katekisimu namba 2288 inatufundisha kwamba uhai na afya ya mwili ni zawadi tulizokabidhiwa na Mungu, na tunapaswa kuzitunza. 

Na kama umefika pale Elia alipofika, pale pa kuomba kufa, tafadhali usimalizie kusoma hapa. Mwambie mtu leo, leo hii, anayekaa karibu nawe: mama, kaka, padri, jirani, mwenzako wa chumba. Mwambie asikuache peke yako, na muende wote hospitali hata kama ni usiku. Elia alimwacha mtumishi wake Beer-sheba. Wewe usimwache wako.

Mimi bado niko njiani. Kwaya nimerudi, sauti ya pili, ingawa kuna Alhamisi za mazoezi ninazokosa. Kazi ya kudumu bado, nafundisha watoto wa mtaani hesabu jioni. Dawa naendelea nazo kama daktari alivyosema. Jana kengele ya asubuhi ilinipita, nikaisikia ya mchana nikiwa bado na kanga ya kulalia. Nikanawa uso, nikakaa kwenye ngazi za mawe nje, nikasali Malaika wa Bwana kwa sauti ndogo, nikala viazi vilivyobaki vya asubuhi, vya baridi. Halafu nikafua mashati mawili ya shangazi.

Tuombeane.