Roho Ngumu

Muuguzi huyu wa Mingoyo, mkoani Lindi, ni wa kutunga. Mafuriko si ya kutunga: Januari 2020 maji yalivamia vijiji vya Kilwa, Njinjo na Nanjirinji vikiwemo, watu wakafa, maelfu wakakosa makazi.

Alichaguliwa kwenda huko kwa kuwa alisifiwa ana roho ngumu. Alikwenda kufunga vidonda na kugawa dawa za kuhara, lakini waliopanga foleni walitaka pia kusikilizwa. Mama mmoja alirudi kila siku kumsimulia usiku aliokesha juu ya mti na mtoto mgongoni, na kila siku aliishia palepale, kanga ilipofunguka. Muuguzi alisema, "Pole, mama," akaita anayefuata.

Aliporudi Mingoyo alipangiwa zamu kesho yake. "Komandoo wetu!" mganga mfawidhi alimpokea akicheka, kisha akamdai ripoti ya dawa. Ripoti aliijaza vizuri sana.

Mvua ikigonga bati usiku, aliamka kupandisha viatu vya wanawe juu ya kabati. Mumewe akasema ni malaria (kwetu kila kitu ni malaria). Kwenye kliniki ya watoto, mama aliyechelewa alipoanza kujieleza, alimkatiza: "Sitaki hadithi. Kadi iko wapi?" Yule mama akaondoka, mtoto hajachanjwa, na mwezi uliofuata hakuonekana. Pale njia panda ya Mnazi Mmoja wauza samaki wakaanza kusema nesi yule ana roho mbaya.

Hakuwa nayo. Alikuwa amejaa, na hakuna aliyempa nafasi ya kupunguza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia umetenga sura ya mtoa huduma kujitunza mwenyewe na wenzake: asifanye kazi kupita kiasi, wenzake wamjulie hali, apate mapumziko kabla ya kurudia majukumu yake. Hapo hapahitaji mfadhili. Panahitaji mfawidhi anayepanga zamu huku akimwangalia mtu usoni.

Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi huko Somanga, yakatakiwa tena majina ya wauguzi wa kupelekwa. Mfawidhi aliliandika la muuguzi huyu juu kabisa, kwa sababu ana uzoefu.