Daftari Moja Halitoshi

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Leo nataka kueleza mali iliyokuwa na daftari, tena lililoandikwa kwa uangalifu, na bado ikaisha. Naieleza kwa sababu sisi tunaokusanya data nyikani tunaweza kuanguka palepale.

Mwaka 1842 daktari wa Kijerumani, Wilhelm Peters, alianza safari ya Msumbiji iliyochukua takriban miaka 6. Alifika hadi upande wa Cabo Delgado, kaskazini mwa nchi hiyo. Alikusanya samaki, nyoka, wanyama wengine na mimea, akaandika pia maneno ya lugha za watu wa pwani. Kazi ya fani nyingi, mikononi mwa mtu mmoja.

Mimea ilikaushwa, ikabandikwa kwenye karatasi ngumu, kila mmoja na lebo yake: jina, mahali, tarehe, aliyeuchuma. Lebo hiyo ndiyo roho ya sampuli. Ukiibandua, linabaki jani kavu lisiloweza kumwambia mtu lolote. Karatasi hizo zikahifadhiwa Berlin, na baadaye zikawa sehemu ya hazina ya mimea ya Dahlem, mtaa wa Berlin, iliyofikia sampuli karibu milioni 4.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943, mabomu yaliangukia jengo la hazina hiyo. Hazina karibu yote ikateketea, na mimea mingi ya Peters ikateketea nayo. Mimea hiyo ilikuwa imedumu karibu miaka 100. Moto haukuhitaji hata usiku mzima.

Je, hakukuwa na dalili? Zilikuwepo, tena za wazi. Vita vya Pili vya Dunia vilianza 1939. Berlin ilianza kupigwa mabomu mwaka 1940. Kuanzia hapo hadi siku ya moto ni zaidi ya miaka 2, na ni sehemu ndogo tu iliyokuwa imehamishwa. Hata njia ya kujiokoa ilikwisha kuonekana: tangu 1929, J. Francis Macbride wa jumba la makumbusho la Chicago alikuwa akipiga picha sampuli humo humo Berlin. Lakini kazi yake ilihusu mimea ya Amerika. Leo watafiti wa Peru wana picha za kutazama. Sisi wa pwani hii mimea yetu haikupigwa picha.

Tazama sasa kilichosalia. Yale maneno aliyoyaandika Peters, yakiwemo ya Cabo Delgado, yalichapishwa London na Wilhelm Bleek mwaka 1856, yakasambaa katika maktaba nyingi. Safari ilikuwa moja na mkusanyaji mmoja. Kilichonakiliwa kiliishi, kilichokaa mahali pamoja kikafa.

Ndugu msomaji, usiseme hayo ni ya Wazungu na vita vyao. Fika Awasse, hapa Cabo Delgado, njia panda ya kwenda Mueda na Mocímboa da Praia. Mwaka 2020 kituo cha umeme cha hapo kiliharibiwa katika vita vya mkoa huu, wilaya za kaskazini zikabaki gizani. Ofisi za serikali zilichomwa, na watu wengi walikimbia bila hata cheti cha kuzaliwa. Katika hali hiyo, kompyuta moja mezani inamfaa nani? Lakini sampuli za mimea zilizokusanywa kwenye misitu ya Palma na Mocímboa mwaka 2008 na 2009 ziligawanywa, nyingine Maputo, nyingine Ulaya. Hizo zipo mpaka leo.

Basi tufanye yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kila jioni, kabla ya kula, piga picha kurasa za daftari. Weka nakala tatu, moja nje ya wilaya unayofanyia kazi, na moja ibaki nchini kwa wenyeji wenye ardhi. Mkiwa wa fani mbalimbali, kubalianeni mapema jinsi ya kuandika tarehe na mahali. Mmoja ataandika Awasse, mwingine Auasse. Mmoja atasema Mocímboa akimaanisha ya pwani, mwingine akimaanisha ile ya Ruvuma. Andikeni na vipimo vya GPS, la sivyo data zenu hazitakutana kamwe.

Nami najikumbusha, maana nimewahi kuzunguka wiki nzima na kazi yangu yote kwenye flashi moja mfukoni, nikijiambia nitanakili kesho. Berlin nao walikuwa na kesho nyingi. Usiku huu, kabla ya kuzima taa, jiulize: nyumba hii ikiungua, nakala ya pili iko kwa nani?