Kimondo cha 2032: Tusihutubie tusichokihakiki



Ndugu Waislamu, mwezi Februari 2025 nilifanya kosa mbele ya darsa. Kwa kuwa nililifanya hadharani, naona ni wajibu wangu kulieleza hadharani.

Nilipata ujumbe kwenye simu ukisema wanasayansi wamegundua jiwe kubwa angani litakaloipiga dunia Desemba 22, 2032. Baada ya swala ya Alasiri niliusoma mbele ya darsa la akina mama, nikaufungamanisha na dalili za Kiyama, na baadhi yao wakalia. Nilirudi nyumbani nikijiona nimewaidhi.

Baada ya Idd el Fitr mama mmoja mjane, muuza vitumbua, alinisubiri mlangoni. Akaniambia: "Ustadhi, zile pesa nilizokuwa naweka kwa ajili ya masomo ya mwanangu nimeacha kuweka. Yuko darasa la nne. Akifika kidato cha nne ndiyo hiyo 2032. Kama hatupo, nasomesha nini?"

Nilikosa jibu. Usiku ule nikaanza kutafuta habari yenyewe, kazi niliyopaswa kuifanya kabla ya kufungua kinywa.

Nikakuta jiwe ni kweli lipo. Linaitwa 2024 YR4, na liligunduliwa Desemba 27, 2024 kwa darubini iliyoko Chile. Lakini hakuna mtaalamu aliyesema kuwa litaipiga dunia. Walichosema ni kwamba upo uwezekano, na kiwango chake cha juu kabisa, Februari 18, 2025, kilikuwa asilimia 3.1. Siku chache baadaye, njia yake ilipopimwa vizuri zaidi, uwezekano huo ukaporomoka hadi chini ya asilimia moja, na kabla ya Februari kwisha ikatangazwa kuwa halina hatari ya maana kwa dunia mwaka huo. Mimi niliyeikimbilia habari ya kwanza sikuifuatilia ya pili. Kwa hiyo mama yule aliendelea kuishi na hofu niliyompa, wakati wenyewe walioitoa habari walikwishaisahihisha.

Ndugu msomaji, kilichonifundisha zaidi ni namna wanavyolipima jiwe wasiloweza kuligusa. Darubini ya kawaida huona mwanga wa jua unaorudishwa na jiwe. Lakini jiwe dogo jeupe na jiwe kubwa jeusi yanaweza kurudisha mwanga ulio sawa. Ndiyo maana mwanzoni walisema ukubwa wake ni kati ya mita 40 na 90, wakaishia hapo. Hawakuchagua 90 ili watu waogope.

Machi 2025 wakalielekezea darubini ya James Webb, ambayo hupima joto. Jiwe jeusi hunywa mwanga mwingi wa jua, kisha hulitoa lile joto. Ukipima joto hilo pamoja na mwanga unaorudishwa, unapata ukubwa kwa uhakika zaidi. Wakapata kiasi cha mita 60. Wakaona pia kuwa namna linavyopata na kupoteza joto ni tofauti na ya asteroidi kubwa zilizozoeleka, jambo walilolihusisha na kuzunguka kwake kwa kasi na uso wake kukosa mchanga laini.

Lakini hata kipimo sahihi kinaweza kufasiriwa vibaya. Kwa miaka mingi joto la asteroidi iitwayo Bennu lilipimwa kwa mbali. Likaonekana linapanda na kushuka upesi, kama mchanga wa pwani unaounguza miguu adhuhuri na kupoa jioni. Wakasema uso wake ni changarawe. Chombo cha Marekani cha OSIRIS-REx kilipofika mwaka 2018 kikakuta majabali kila upande. Sababu ni kwamba mawe yale yana vitundu vingi, hivyo hayatunzi joto kama jabali gumu. Wataalamu wale wakakiri, wakaandika upya. Mimi kukiri kwa mama mmoja kulinichukua siku tatu.

Surat Al-Hujurat, aya ya sita, inatuamrisha kuhakiki habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na alipofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (SAW), jua likapatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Ingekuwa sisi, tungeinyamazia habari hiyo kwa kuwa inatukuza. Mtume (SAW), akiwa katika majonzi yake, aliikataa. Alifundisha kuwa jua na mwezi ni ishara za Allah, havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu, na akawaelekeza watu kwenye swala.

Kwa hiyo siwaambii Waislamu wasikumbushwe Kiyama. Elimu ya Saa iko kwa Allah (SW) peke yake, na ndiyo maana hatuna haki ya kuipachikia tarehe tuliyoletewa na simu.

Makhatibu na walimu wenzangu, Ijumaa ya Aprili 13, 2029 asteroidi Apophis, yenye upana wa kiasi cha mita 340, itapita kilomita zipatazo 32,000 kutoka uso wa dunia, na huku Afrika itaonekana kwa macho. Vipimo vya mwaka 2021 vimeondoa hatari ya kuigonga dunia kwa walau miaka mia moja. Lakini ujumbe wa kutisha utakuja, na siku yenyewe ni ya Ijumaa. Tujiandae tangu sasa tutasema nini juu ya mimbari.

Mimi nilirudi kwenye darsa lile lile nikasema nilikosea. Kisha nikawakumbusha mafundisho ya Mtume (SAW), kwamba hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza aupande. Yule mama ameanza tena kuweka. Zile wiki zilizopita bila kuweka kitu ni dhima yangu, na namuomba Allah anisamehe.

Wabillahi tawfiq.